Jaribio la Kumi na Saba

Simu ililia mara mbili, ikakata.

Ikalia mara moja, ikakata.

Kathiresan aliweka kijiko chini. Ilikuwa saa tano na dakika kumi asubuhi, chai bado inafuka moshi, na mlio wa namna ile ulikuwa na maana moja tu. Alifunga dirisha, akawasha redio ya Motorola na kuiweka sikioni.

"Mjusi, hapa Mnara. Unanipata?"

"Nakupata, Mnara."

"Kiraka namba nne nne moja saba. Umekiona?"

"Kimeingia saa tatu. Ninacho mbele yangu."

"Kipitishe."

Kathir alidhani hakusikia vizuri.

"Rudia, Mnara."

"Kipitishe kabla ya saa kumi na moja jioni. Kiingie kwenye toleo la leo. Tunataka hawa wa magendo waamini mlango uko wazi. Kontena lao liko baharini, siku mbili kutoka hapa. Wakihisi tumewashtukia, meli inageuza na sisi tunabaki kupunga mikono. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mkuu."

"Haya, kula chakula chako."

Redio ikanyamaza. Mnara alikuwa Bi Norsiah, mkuu wa Kitengo cha ujasusi, mwanamke ambaye tangu aajiriwe hakuwahi kumwambia mtu kwaheri.

Kathir hakula.

Watu wakisikia jasusi wanafikiria suti nyeupe na gari lisilo na paa. Samahani. Kathiresan Muthaiya, miaka thelathini na tisa, alikuwa na pikipiki ya Honda EX5 iliyochanika kiti, chumba na jiko kwenye ghorofa ya kumi huko Jelutong, na sahani mbili, moja haijawahi kutumika. Bastola aina ya Walther P99 alikuwa nayo, ndiyo, lakini ilikaa chini ya pipa la mchele na kwa miaka minne haikuwa imepiga hata chupa. Silaha yake ya kila siku ilikuwa ThinkPad kuukuu ambayo vitufe vyake vilishafutika herufi.

Kazi yake ilikuwa kusoma.

Kuna programu moja inaitwa Kokok. Umeme ukiingia kwenye mashine, kabla skrini haijawaka, Kokok ndiyo inayoamka kwanza na kuviamsha vingine vyote. Haina mwenyewe. Wameiandika watu wa kujitolea kutoka kila pembe ya dunia, na yeyote anaweza kuleta kiraka, yaani mistari michache ya kurekebisha kasoro fulani. Ila kiraka hakiingii mpaka mtu mwingine akikague na kukikubali, na mwandishi haruhusiwi kujikubalia. Kokok imo ndani ya vitu vingi, na kimojawapo ni bodi ndogo ya kijani inayoendesha mashine za eksirei za kuchungulia makontena bandarini. Bodi hiyo ilikuwa na wakaguzi wawili tu duniani. Mmoja alikuwa Kathir, kwa jina la bandia la Cicak, yule mjusi wa ukutani. Kitengo kilimpandikiza pale baada ya kunusa kwamba Yeap Kok Hooi, mfanya magendo aliyejificha nyuma ya biashara ya samaki, ameanza kuitolea macho bodi hiyo.

Mkaguzi wa pili alikuwa Cheah Guat Sim.

Anti Guat Sim alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alifanya kazi viwanda vya chipu za kompyuta vya Bayan Lepas miaka thelathini, akastaafu, akaanza kuwatesa watu mtandaoni. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kimberley, mwendo wa dakika kumi na mbili kwa pikipiki kutoka kwa Kathir. Kanuni ya Kitengo ilisema asikanyage pale, na hakukanyaga. Hata sura yake hakuijua. Guat Sim naye aliamini kwamba Cicak ni kijana fulani wa Kota Kinabalu, ng'ambo ya bahari.

Kwa miaka minne waliandikiana kila siku, na karibu kila siku waligombana.

"Cicak, hii umeandika ukiwa usingizini?"

"Anti, kuna nafasi imezidi mstari wa tisini."

"Imezidi machoni mwako. Kanunue miwani."

Safari moja anti alitoweka siku tatu. Aliporudi aliandika: "Nilikuwa namzika mume wangu. Tuendelee." Kathir alikaa saa nzima akiandika na kufuta, akaishia kutuma maneno mawili: "Pole, anti." Jibu likaja papo hapo: "Rudi mstari wa tisini."

Siku ile Kathir alilia peke yake mbele ya skrini. Hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye katika dunia hii, ukiondoa Bi Norsiah, na Bi Norsiah hazungumzi, anaamuru. Alikuwa mpweke, na sioni sababu ya kulipamba neno hilo.

Sasa kiraka namba 4417 kilikuja na jina la Guat Sim.

Kilikuwa kidogo kabisa. Mistari miwili ilikuwa imebadilishana nafasi, basi. Maelezo yalisema mashine itawaka nusu sekunde mapema zaidi. Nani hataki nusu sekunde? Lakini mstari mmoja kazi yake ilikuwa kuingiza komeo, na wa pili kufunga kufuli juu ya komeo hilo, ili mtu asiweze kuingia na kubadilisha akili ya mashine. Ukiigeuza, kufuli linafungwa wakati komeo bado halijaingia. Kwa macho, mlango umefungwa. Ukiusukuma, unafunguka. Na atakayeusukuma anaweza kuifundisha mashine ya eksirei ionyeshe magunia ya unga mahali palipojaa makombora ya kurushia begani.

Guat Sim asingekosea hivyo hata akiwa na homa.

Saa tatu na nusu Kathir alikuwa amemchokoza makusudi. Alimwambia aondoe mstari mtupu chini ya maelezo, upuuzi ambao siku nyingine ungemletea matusi ya aya mbili.

Jibu lilikuja baada ya dakika tatu.

"Asante sana kwa maoni yako mazuri. Nimeondoa."

Kathir aliogopa. Aliwahi kupigwa risasi mara mbili akiwa kazini na hakuogopa hivyo.

Kulikuwa na jambo jingine. Kokok ina desturi: kila kiraka lazima kije na rekodi nzima ya kuwaka kwa bodi halisi, bila kukatwa hata neno. Kila mtu huibandika, hakuna anayeisoma. Kathir aliisoma, kwa sababu hakuwa na barua nyingine za kusoma. Bodi inapoamka, miongoni mwa mambo mia mbili inayoyataja, hutaja joto lake yenyewe. Kule juu ya duka mtaa wa Kimberley, bila kiyoyozi, bodi ya Guat Sim miaka yote ilisema nyuzi arobaini na moja, arobaini na mbili.

Leo ilisema tano.

Kathir alibonyeza redio.

"Mnara, Guat Sim ametekwa."

"Umeota?"

"Bodi yake iko nyuzi tano, Mkuu. Haijawahi kushuka chini ya arobaini. Wamemweka kwenye ghala la baridi. Halafu ananijibu kwa adabu."

"Kwa adabu?"

"Mkuu humjui huyu mama."

Bi Norsiah alikuwa anapekua karatasi.

"Hata kama. Kiraka kipite. Tukishalinasa kontena tutamtafuta."

"Kikipita hawamhitaji tena. Saa kumi na moja na nusu atakuwa maiti."

"Na ukikikataa?"

"Atakuwa maiti mapema zaidi."

"Sasa unataka kufanya nini, Kathir?"

Kwa miaka minne hakuwahi kumwita jina lake hewani.

"Kazi yangu, Mkuu. Nitakagua."

Kwa sababu mkaguzi akiuliza, mwandishi lazima ajibu. Mkaguzi akitaka jaribio, jaribio lifanyike na rekodi iletwe. Maadamu Cicak hajaridhika, kiraka hakiendi kokote. Na maadamu kiraka hakijaenda, anti Guat Sim lazima awe hai, aketi mbele ya bodi, atii.

Kathir akaanza kuwa msumbufu.

Jaribio la kwanza: bodi ipumzishwe dakika kumi, iwashwe. La pili: iwashwe bila kadi ya mtandao. La tatu: iwashwe kwa waya mwingine wa umeme. La nne, la tano. Kila mara jibu lilikuja na sukari tele. Asante sana. Nimefanya. Rekodi hii hapa.

Nyuzi tano. Tano. Sita. Tano.

Alifungua jalada la Yeap. Toyota Alphard yake nyeusi ilikuwa imeonekana mara tatu mwezi ule katika barabara ya magati ya samaki, Batu Maung. Barabara ile ina maghala ya baridi matatu, yamepangana upande mmoja, milango inatazama njia. Ukigonga mlango usio sahihi, walio kwenye mlango sahihi watasikia.

Walther ikatoka chini ya pipa la mchele. ThinkPad ikaingia begani. Honda ikawaka kwa teke la tatu.

Saa nane kasoro robo Kathir alikuwa ameketi kwenye kibanda cha laksa, tambi za mchuzi wa samaki, mkabala na maghala, mvua nyepesi inagonga mabati. Mwenye kibanda, mwanamke mnene anayeitwa Som, alimtazama akivuta waya wake mpaka kwenye soketi nyuma ya friji.

"Umekuja kula laksa au umekuja kula umeme?"

"Vyote, dada."

"Mke wako hakupikii?"

"Sina mke."

"Ndiyo maana umekonda. Hiyo kompyuta itakuzika wewe."

"Huenda, dada. Ongeza pilipili."

Akaandika jaribio la tisa. Bodi iwe inawashwa na kuzimwa yenyewe kila dakika moja, muda wa saa nzima, na rekodi zitiririke moja kwa moja kwenye ukurasa wa kiraka. Akabonyeza, akashika vijiti vya kulia, akatazama milango mitatu.

Tano. Tano. Tano.

Milango imefungwa. Paka mmoja anapita. Laksa inapoa.

Saa nane na dakika ishirini mlango wa ghala la kwanza ulifunguliwa. Lori la Isuzu liliingia nusu mwili, wabeba mizigo wakaanza kutupiana maboksi. Kathir aliikodolea skrini macho.

Tano. Tano. Sita. Tano.

Si hapo.

Alisubiri. Akapanga foleni jaribio la kumi, la kumi na moja, ili wasidhani amelala. Mlango wa ghala la pili haukufunguka kabisa. Ulikuwa na kufuli la kutu. Saa nane na dakika thelathini na tano mlango wa ghala la tatu, wa bluu, uliburutwa kando, na watu wawili wakaanza kutoa mikokoteni ya jodari, mmoja baada ya mwingine, mlango ukiwa wazi muda wote.

Tano.

Saba.

Kumi.

Kumi na mbili.

Mlango ukafungwa. Skrini ikasema kumi. Ikasema nane. Ikasema sita.

Kathir alikunywa mchuzi wote wa laksa kwa mkupuo mmoja, na machozi yakamtoka, sijui kama ni pilipili.

"Mnara. Ghala la tatu, mlango wa bluu. Naingia."

"Huna ruhusa ya kuingia."

"Najua, Mkuu."

Redio ilikoroma muda mrefu.

"Mtandao mbaya sana leo," Bi Norsiah akasema. "Sikusikii hata kidogo. Na kwa vile sikusikii, sijui kwa nini polisi wa doria watakuwa mwisho wa barabara hiyo saa tisa na nusu."

Akazima.

Lakini mule ndani kulikuwa na watu wangapi? Wana silaha gani, na mikono yao iko wapi? Swali la mwisho ndilo Kathir angeweza kulifanyia jambo. Baada ya jaribio la kumi na sita alinyosha vidole akaandika polepole:

"Jaribio la kumi na saba, la mwisho kabla sijakubali. Pini nne za pembeni zishikwe kwa vidole vya mikono yote miwili na mtu asiye mwandishi, dakika tano bila kuachia, bodi ikiwashwa kila sekunde kumi na tano. Mtu wa pili ahesabu kwa sauti kila bodi inapowaka na kuandika kwa mkono. Vidole vikiachia, tunaanza upya."

Hakuna jaribio kama hilo. Hakuna katika kitabu cha Kokok na hakuna katika akili ya mtu mzima. Na nusu ya kitabu cha Kokok aliiandika Guat Sim.

Dakika moja ikapita bila jibu. Mbili. Tatu. Kathir akaikalia mikono yake.

Dakika ya nne:

"Wazo zuri sana. Tutaanza saa tisa na dakika kumi kamili."

Miaka minne anti hakuwahi kumtajia saa. Kathir akajua kwamba amemwelewa.

Saa tisa na dakika kumi na mbili mbeba mizigo mmoja mrefu, aproni ya mpira mpaka miguuni, kreti ya vibua begani, aliufikia mlango wa bluu.

"Ya nani hiyo?" aliuliza mlinzi aliyekuwa akivuta sigara chini ya mwavuli.

"Ya bosi Yeap. Ukitaka kuizuia izuie, mimi narudi kumwambia."

"Nimekuzuia? Pita huko, unanuka."

Baridi ilimpiga Kathir usoni. Alipita safu za jodari waliogandishwa, akafuata sauti. Nyuma kabisa kulikuwa na chumba cha kuchambulia samaki, mlango wake ni mapazia ya plastiki. Alichungulia.

Jitu moja la mabega lilikuwa limeinama juu ya meza ya chuma, vidole vyake vinne vimebana pini za bodi ndogo ya kijani, ulimi nje. Bunduki yake aina ya MP5 ilikuwa juu ya boksi la ngisi, hatua tatu mbali. Kando yake kijana mwenye kofia ya sufu alishika kalamu na daftari.

"Kumi na moja," kijana alihesabu. "Bado... kumi na mbili."

Yeap Kok Hooi alikuwa anatembea huku na huku ndani ya koti zito, anatazama Rolex yake.

"Huyu Cicak ni binadamu kweli? Hana mke huyu? Hana kwao?"

"Ndivyo alivyo," ilisema sauti ya mwanamke. "Ukimharakisha anaongeza majaribio."

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, amejifunika gunia. Mfupi, mvi zimekatwa kama za mwanamume, midomo imegeuka zambarau kwa baridi. Kathir alitaka kusimama amtazame vizuri, na alijua hana nafasi hiyo.

"Anti, vidole vinakufa ganzi," jitu lililalamika.

"Vife. Ukitikisika tunaanza upya."

Kathir alirusha kreti.

Vibua vilimwagika sakafuni. Kijana wa daftari aligeuka, akakanyaga kibua, akaruka miguu juu na kuanguka kwa kisogo. Yeap alipeleka mkono ndani ya koti. Jitu lilimwona Kathir, likaiona bunduki yake kule juu ya ngisi, likamtazama Guat Sim kama mwanafunzi anayeomba ruhusa.

"Usiachie!" Guat Sim akafoka.

Na kweli, kwa sekunde moja, halikuachia.

Sekunde moja ilitosha. Kitako cha Walther kilitua nyuma ya sikio lake, likalala juu ya meza kwa upole. Yeap alifyatua mara mbili. Risasi ya kwanza ilitoboa aproni, ya pili ikapasua bonge la barafu. Kathir alifyatua mara moja. Glock ya Yeap iliruka ikaangukia kwenye ngisi, na mwenyewe akaketi chini akiushika mkono wake na kuita majina ya mababu.

Kijana wa daftari alikuwa anajaribu kuinuka. Alikuta mdomo wa bastola chini ya sikio.

"Ulifika ngapi?" Kathir aliuliza.

"Ku... kumi na mbili, anko."

"Endelea."

"Kumi na tatu," kijana alisema kwa kutetemeka, akaendelea kuhesabu mpaka ving'ora vikafika; mlinzi wa mlangoni alishasikia risasi na kutoroka.

Saa kumi kasoro robo, mvua ilikuwa imekatika. Yeap alikuwa ndani ya gari la polisi na simu yake ilikuwa mikononi mwa mtu wa Kitengo. Namba ya kontena ilikuwamo, na jina la meli, na la aliyetuma. Hakukuwa tena na haja ya kumwachia mtu mlango wazi.

Kathir alisimama nyuma ya kibanda cha dada Som, redio sikioni.

"Namba ya kontena tunayo," Bi Norsiah alisema. "Umebahatika. Lakini polisi kumi wamekuona sura, na kesi hii itakwenda mahakamani na kila kilichoandikwa kwenye ukurasa ule. Cicak hawezi kuendelea kuwepo. Mfute kabla hujaondoka hapo."

"Mkuu, yule mama..."

"Mfute, Kathir. Kesho utapewa jina lingine."

Aliifungua ThinkPad juu ya kiti cha Honda. Miaka minne. Jumbe elfu kumi na moja na kitu. Ukurasa ulimuuliza kama ana uhakika. Alibonyeza ndiyo, na jina la Cicak likapotea. Aliifunga ThinkPad, akairudisha begani.

Angeweza kuondoka hapo hapo. Alijiambia kwamba anataka tu kuona kama wamempa kitu cha moto.

Guat Sim alikuwa ameketi kwenye mlango wa nyuma wa gari la wagonjwa, blanketi mabegani, bilauri ya kahawa mkononi na kipande cha mkate wa nazi magotini. Inspekta mmoja alikuwa kando, anaongea na redio yake.

"Wewe ni nani?" Guat Sim alimuuliza Kathir.

"Mbeba samaki, anti."

"Mbeba samaki mwenye bastola."

"Samaki wa siku hizi wabishi."

Alimkagua kwa jicho moja, akaguna. "Walinikamata nikinunua tofu. Tofu nzuri, imemwagika yote. Sasa mwambie huyu inspekta anipe kompyuta. Kiraka changu kiko pale wazi mbele ya watu. Nikifa leo watu watasema Guat Sim hakujua komeo na kufuli."

Inspekta alimletea. Vidole vya anti vilikuwa vyekundu, havijapata joto, akaandika kwa viwili tu huku akijisomea kwa sauti.

"Nakiondoa kiraka hiki. Niliandika nikiwa nimeelekezewa bunduki. Asikiguse mtu. Kosa liko mstari wa mia mbili ishirini na moja..."

"Kumi na mbili, anti," Kathir alisema. "Mia mbili kumi na mbili."

Lilimtoka kabla hajalishika.

Vidole vikasimama juu ya vitufe. Inspekta alikuwa bado anabishana na redio yake, hakusikia kitu. Guat Sim alirudi kwenye kiraka, akashuka mstari kwa mstari, akafika. Halafu aliinua macho. Alianza na viatu vilivyojaa magamba, akapanda mpaka kwenye tundu la risasi kwenye aproni, na mwisho kabisa akafika usoni. Hapo macho yakatulia. Midomo yake ilifunguka.

Kathir alitikisa kichwa, kidogo sana.

Midomo ikafungwa. Mama yule aligeukia kompyuta, akaandika mia mbili kumi na mbili, akatuma. Kisha akasogea upande, akaacha nafasi ya mtu mmoja kwenye sakafu ya gari.

Kathir aliketi.

Guat Sim aliukata mkate vipande viwili na kumpa kimoja bila kumtazama. Walikula. Wabeba mizigo walikuwa wanapiga maji sakafu ya ghala, vibua vinateleza mpaka mtaroni, paka wanagombania. Kathir alitamani mkate ule uwe mkubwa zaidi.

Redio ikakwaruza kiunoni. Alisimama, akapangusa makombo, akatembea mpaka kwenye pikipiki bila kugeuka.

"Nimemfuta, Mnara."

"Vizuri. Kuna yeyote aliyekutambua?"

Kathir alivaa kofia ya chuma. Hakuwa amewahi kumdanganya Bi Norsiah, hata mara moja.

"Hapana, Mkuu," alisema, akapiga teke Honda, akashika njia ya Jelutong.